Kinga ya Picha

Juu ya meza yangu ya kazi, baina ya kamusi na kikombe cha kalamu, kuna kitu ambacho kila mgeni hukishika, hukigeuza, kisha hukirudisha mahali pake bila ya kuuliza. Ni mfuko mwembamba wa kadi nyeusi, mrefu kuliko kiganja kidogo, uliovikwa kaniki kuukuu na kubanwa kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Mwanafunzi mmoja aliudhani ala ya kisu. Mwalimu mwenzangu aliudhani hirizi, akasogeza kiti chake nyuma. Si ala wala si hirizi. Ni kinga ya mwanga. Kazi yake ni kuipokea picha inapotoka katika kamera ya picha za papo hapo, na kuificha isionwe na jua mpaka ikomae. Nalitengeneza kinga hii Tanga, mwezi wa Januari 2013, kwa mikono isiyojua ufundi, nami nalikosea mara tatu kabla ya kupatia.

Neno lenyewe lina mashaka yake, na kwa kuwa riziki yangu hutoka katika maneno, msomaji ataniwia radhi nikisimama hapo kwanza. Mtu hujikinga na mvua, maana yake mvua isimpate. Mtu huyo huyo huweka pipa chini ya mchirizi wa bati akakinga mvua, maana yake mvua isimpotee. Tendo ni moja na neno ni moja, na makusudi ni mawili yapinganayo: la kwanza hukataa, la pili hupokea. Juu ya hayo kuna kinga cha moto, kile kipande cha kuni chenye kaa kitajwacho na methali ya kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wanafunzi hupenda kuuliza kama haya ni maneno matatu, au mawili, au moja. Zamani nalikuwa nikijibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyesoma, ya kuwa kinga cha kuni ni neno jingine kabisa, na hizo kinga mbili za mvua ni maana mbili zilizoachana zamani na hazijuani tena. Nusu ya jibu hilo silitoi siku hizi. Liliniponyoka uani kwa bibi yangu, nikiwa na kamera mkono mmoja na picha iliyoungua mkono wa pili.

Picha ya papo hapo ilianza na swali la mtoto. Mwaka 1943 Edwin Land, mvumbuzi wa Kimarekani, alikuwa akipumzika na jamaa yake katika mji wa Santa Fe, akampiga picha binti yake mdogo wa miaka mitatu. Mtoto akauliza kwa nini hawezi kuiona picha ile saa ile. Watoto wengi wameuliza swali hilo, na wazazi wote wamejibu: ngoja. Land hakusema ngoja. Tarehe 21 Februari 1947, mbele ya wataalamu wa elimu ya mwanga waliokutana New York, alionyesha picha yake mwenyewe iliyojitengeneza kwa muda wa dakika moja hivi. Na tarehe 26 Novemba 1948 kamera za kwanza zikauzwa dukani Boston. Picha za siku hizo zilikuwa za kubanduliwa: karatasi mbili zilishikamana, moja ikatupwa na nyingine ikatunzwa. Picha ninayoisimulia mimi, ile itokayo kamerani nzima, yenye ukingo mweupe mwembamba pande tatu na mpana upande wa chini, ilikuja mwaka 1972 pamoja na kamera iliyoitwa SX-70.

Mtu aliyezoea simu ya leo ni vigumu kukisia ni kazi ngapi zimefungwa ndani ya kile kipande. Ukingo mpana wa chini, ambao watu huandika juu yake majina na tarehe, si pambo. Ndani yake mna kifuko cha dawa nzito. Picha ikisha kupigwa, mota huisukuma karatasi ipite baina ya rola mbili za chuma, mfano wa muwa upitavyo katika mashine ya kukamulia. Kifuko hupasuka, dawa ikatandazwa baina ya matabaka ya filamu. Papo hapo karatasi iko nje, juani, hali picha bado haijafanyika. Mpiga picha wa studio alijifungia katika chumba cha giza kwa kazi hiyo hiyo, na mtoto aliyefungua mlango alipata kofi. Land aliona ya kuwa mtu hawezi kutembea na chumba cha giza, basi akalitia giza katika dawa.

Namna alivyolitia ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Dawa ile ina ukali kama wa magadi. Ndani yake mna unga mweupe, ambao mwishoni huwa ndio weupe wa picha, pamoja na rangi za namna ya pekee: zikiwa katika ukali wa magadi huwa nyeusi na kuuzuia mwanga usipite. Ndani ya filamu limefichwa tabaka la asidi. Kidogo kidogo asidi huuvunja ule ukali, na rangi zile hupoteza weusi wake zikawa kama hazipo, na picha ikaonekana. Nilipomsimulia bibi yangu habari hii, nikijitahidi kukwepa maneno ya darasani, alinikatiza kabla sijafika katikati. Alisema, "Kama doa la bizari." Ndivyo hasa. Doa la mchuzi wa manjano katika kanzu nyeupe likiguswa na sabuni hugeuka jekundu. Likikamuliwa ndimu hurudi umanjano wake. Kila mwanamke wa pwani aliyefua nguo za arusi anaijua kemia hiyo. Doa la Land lilifanya kazi ya mwavuli: liliifunika picha ilipokuwa changa, kisha likajiondoa lenyewe.

Mwavuli huo ulipotea. Februari 2008 kampuni ya Polaroid ilitangaza kuwa itaacha kutengeneza filamu za papo hapo. Katika mji wa Enschede, Uholanzi, kilikuwako kiwanda kilichokuwa kikifungwa. Watu wachache, wakiongozwa na Florian Kaps na André Bosman, wakainunua mitambo yake, wakawaajiri baadhi ya wafanyakazi wa zamani, na mradi wao wakauita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya jambo lisilowezekana. Mitambo waliipata. Dawa hawakuipata, kwa sababu vitu vingi vilivyotiwa ndani yake vilikuwa havitengenezwi tena, ikawapasa kuibuni filamu upya. Mwezi wa Machi 2010 wakauza ya kwanza. Ilikuwa filamu kweli, na watu walioipenda sanaa hii walilia kwa furaha. Ila giza lililotiwa ndani yake halikutosha. Picha ikitoka kamerani, mwanga uliipenya na kuichoma katika sekunde za mwanzo. Pakiti ilikuwa na picha 8, badala ya 10 za zamani, na kila pakiti ilikuja na onyo: kingeni.

Watu wakakinga kwa walichokuwa nacho. Wako waliolishika boksi tupu la filamu mbele ya tundu la kamera ili picha iingie humo. Wengine waliitumia ile kadi nyeusi iliyokaa juu ya filamu ndani ya pakiti, ambayo ndiyo ya kwanza kusukumwa nje na ambayo kila mtu alikuwa akiitupa; waliibandika juu ya tundu ikawa kama upenu. Mradi wenyewe baadaye uliuza ulimi wa plastiki ulioviringwa, ambao hujikunjua juu ya picha kadiri itokavyo. Nami nauheshimu ulimi ule, lakini haukuwa umenifikia, na fedha za mwanafunzi hazina ulimi mrefu.

Nalikuwa Leiden wakati huo, nikiandika tasnifu yangu ya udaktari juu ya vitenzi vya Kiswahili vyenye maana nyingi. Tarehe 30 Aprili 2012 ilikuwa Siku ya Malkia, sikukuu ambayo Waholanzi hutandika barabarani vitu vyao vya zamani na kuviuza. Hapo nalinunua kwa yuro tano kamera nyeusi ya plastiki, ya aina ya 600, yenye mkanda uliokatika. Aliyeniuzia alinihurumia, akanambia haina kazi tena. Mimi nalikuwa nimekwisha kuipa kazi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaa Ngamiani, Tanga, na umri wake, kwa hesabu ya jamaa, ulikaribia miaka tisini. Katika maisha yake yote alikuwa na deni moja ambalo hakulisamehe. Babu alipokuwa mgonjwa wa ugonjwa uliomwondoa, mpiga picha mmoja wa kutembea alipita mtaani. Bibi akatoa viti viwili mbele ya mlango, akamvika mumewe kanzu, wakapigwa picha pamoja. Mpiga picha akapokea fedha zote, akasema atairudisha Ijumaa. Babu alikufa. Ijumaa zikapita, mwaka ukapita, mpiga picha hakuonekana. Labda filamu iliungua, labda mtu yule mwenyewe aliugua. Mimi nalijaribu kumtafutia udhuru kila niliposikia kisa hiki, na Bibi alinitazama kama nimekula pamoja naye. Tangu siku ile hakukubali kupigwa picha. Harusini alijifunika. Wajukuu wenye simu walipomwonyesha uso wake katika kioo kidogo, alisema hiyo si picha, maana akitaka kuishika hupewa simu, na simu huombwa kurudi.

Sura yake ilikuwako mahali pamoja tu, katika kitambulisho cha kupigia kura. Nilipomkumbusha, alinijibu, "Ile si yangu. Ile ni ya serikali, mimi naitunza tu."

Nalilikumbuka jibu hilo kwa uchungu nilipokuwa nikisoma habari za kamera yangu. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter aliyekuwa mkemia na Ken Williams aliyekuwa mpiga picha, waligundua kuwa vyombo vya kampuni yao vilitumiwa kutengeneza picha za vitabu vya pasi, vile ambavyo Waafrika wa Afrika Kusini walilazimishwa kuwa navyo popote waendapo. Wakawaita watu wasinunue bidhaa za kampuni. Hunter alifukuzwa kazi. Kampuni ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977. Upesi ule ule uliotafutwa ili mtoto afurahi ulimfaa askari vilevile: mtu husimama, hupigwa, na kabla hajakaa amekwisha kuwa na karatasi ya kumfunga. Sikuitupa kamera kwa sababu hiyo, maana chombo hakichagui mikono. Lakini naliazimia kuwa picha nitakayompiga Bibi haitapita katika mkono wa mtu mwingine yeyote, hata wangu kama itawezekana.

Desemba ile nalinunua pakiti moja ya filamu ya rangi kwa fedha ambazo sikumwambia mtu. Picha ya kwanza nalipiga Leiden, ng'ambo ya mfereji, bila ya kinga, kwa kuwa jua la Desemba huko ni jina tu. Ikatoka imechujuka kama kanga ya miaka kumi. Ya pili naliitolea ndani ya koti langu, ikawa njema. Nikajiona nimeujua ufundi, nikapanda ndege na picha sita.

Jua la Tanga lilinifundisha adabu. Filamu ile hutaka hewa ya digrii 13 mpaka 28, na Tanga mwezi wa Januari hupita 30 mchana. Jirani yetu aliyekuwa akiuza barafu alinipa nafasi ndani ya friji yake, kati ya mifuko ya ubuyu, nami nikawa nikienda kuitoa filamu mapema kidogo kabla ya kuitumia, kama mtu aendaye kumtoa mgonjwa hospitali. Bibi alinipokea kwa utani wake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umerudi na kamera? Nawe utaniambia Ijumaa?"

Nalimwambia kuwa kamera hii haijui Ijumaa. Picha itatoka hapa hapa na ataishika yeye. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa hatakaa mbele ya chombo kisichojaribiwa. Nijaribu kwanza.

Picha ya tatu nalimpiga mama mdogo akichambua mchele, nikaikinga kwa kiganja. Kiganja kina vidole, na vidole vina nafasi: picha ikatoka na mistari minne ya moto. Kwa ya nne nalitundika kipande cha kaniki juu ya tundu la kamera, nikidhani nimepata chumba cha giza cha kitambaa. Kaniki ni nguo nyeusi kweli, lakini ni nzito na haina uti. Iliikalia karatasi ilipokuwa ikitoka, ikaikwamisha katikati, dawa ikatandaa nusu. Nalibaki na picha ambayo upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni matope. Kwa ya tano nalifanya kama walivyofanya watu wa Ulaya: naliibandika ile kadi nyeusi juu ya tundu, ikawa upenu mzuri ulionyooka. Karatasi ikatoka chini yake salama. Nikaivuta, nikaiinamia, nikakimbia nayo kuelekea chumbani, hatua kumi na mbili. Hatua kumi na mbili za uani kwetu, saa saba mchana, zilitosha. Nusu ya juu iliungua rangi ya machungwa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, akitazama mbio zangu. Akaniita.

"Mjukuu wangu, wewe unakinga jua."

"Ndiyo, Bibi."

"Na picha anaikinga nani?"

Nalisimama pale na picha yangu mbovu. Kwa miaka miwili nalikuwa nimeandika kurasa juu ya kitenzi hicho hicho, na nalikuwa nimekigawa sehemu mbili kwa mstari mnyofu: kukinga kwa kuzuia upande huu, kukinga kwa kupokea upande ule. Naye, asiyepata kuingia darasa lolote ila chuo cha Kurani, alikitamka mara mbili kwa pumzi moja, kwa maana mbili, akanionyesha kuwa kosa la mkono wangu na kosa la tasnifu yangu lilikuwa moja. Upenu hukataa jua, basi. Picha ikitoka chini ya upenu haina pa kwenda ila juani. Iliyotakiwa ni pipa chini ya mchirizi, lakini pipa lenye kifuniko.

Kazi ya mfuko ilichukua alasiri nzima. Ile kadi nyeusi ikawa dari, kwa kuwa ukubwa wake ni ule ule wa picha, yaani milimeta 107 kwa 88, nami sikuwa na karatasi nyingine nyeusi ya kuaminika. Sakafu nalikata katika boksi la majani ya chai, nikaipaka dawa nyeusi ya viatu upande wa ndani, nikaianika mpaka ikakauka isiambukize. Baina ya dari na sakafu nalilaza njiti za ufagio wa chelewa, mbili kila upande, ili dari isiguse uso wa picha. Nalikuwa nimekwisha kujua kwa kaniki kuwa picha changa haitaki kukaliwa. Njiti zilitoka katika ufagio mpya wa mama mdogo, naye hajalisahau jambo hilo mpaka leo. Kando zote nikazifunga kwa utepe mweusi. Mdomo wa mfuko ulikuwa na tabu, maana ulitakiwa kuibana kamera barabara, kisha kujifunga mara tu ukitolewa. Hapo Bibi alichukua sindano. Alishona kaniki kuzunguka mdomo, akapitisha lastiki ndani ya pindo kama apitishavyo mtu katika kiuno cha suruali, akaacha ulimi wa nguo ukining'inia mbele wa kuanguka kama pazia. Macho yake hayakuiona tena tundu ya sindano. Mimi nalitia uzi, yeye akashona kwa kupapasa. Mishono ile ni mirefu na haikunyooka, nayo haijafumuka hata mmoja.

Nikamwomba akae. Akasema, "Mpige mbuzi kwanza."

Picha ya sita basi ni ya mbuzi. Kamera ikalia, mfuko ukapokea, nikauchomoa, pazia likaanguka, nikautia ndani ya kasha la nguo, na kwa zaidi ya nusu saa hapana aliyeruhusiwa kulifungua. Mbuzi alitoka mzima, pembe zote mbili, mwenye wekundu kidogo kwa sababu ya joto, kana kwamba amesimama ndani ya chai. Ilipita mikono yote ya nyumba. Watoto wa jirani walikuja kuitazama, wakamtazama na mbuzi mwenyewe, wakahakikisha kuwa ndiye.

Bibi akaingia ndani akavaa. Alipotoka alikuwa na kanga mpya na buibui lililorudishwa nyuma, uso wazi. Hakutaka mwembe wala mkeka. Akataka kiti mbele ya mlango, na nilipokiweka katikati akakisogeza mwenyewe upande wa kushoto, akaacha nafasi ya kiti cha pili. Sikuuliza. Nalirudi nyuma hatua tatu, nikapiga.

Mfuko ulipochomolewa alinyosha mkono akauchukua, akaulaza mapajani, akaufunika kwa viganja vyake viwili. Mimi nikainuka kwenda kunywa maji.

"Kaa hapa," akasema. "Yule wa kwanza naye alisema anarudi."

Nikakaa. Twalikaa hivyo karibu dakika arobaini. Wapita njia walisalimu, naye akajibu bila ya kuinua mikono. Nalimwambia mara moja kuwa sasa yamkini imekwiva. Akasema wali hupakuliwa na mpishi. Mwisho aliingiza vidole viwili akaitoa taratibu, akaiweka karibu sana na jicho la kulia, ambalo lilikuwa na nuru zaidi. Katika pembe moja mwanga ulikuwa umeingia kidogo ukaacha alama ya manjano, kama ukucha. Vingine vyote vilikuwako: mlango, kanga, uso, nafasi ya kiti. Alitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu ni mama yangu," kisha akacheka, kisha hakucheka.

Picha ya namna hii ni moja tu. Haina filamu ya pembeni ya kusafishwa tena, wala haina ndugu. Kwa sababu hiyo aliniambia nipige na ya nane, iwe yangu. Nalipiga. Furaha iliniharakisha: nalivuta mfuko kabla karatasi haijaingia yote, na jua likapata lililokuwa likilitaka. Ya nane haikuonyesha mtu. Bibi akasema si neno, nitamwona yeye mwenyewe. Nalimwambia pia kuwa picha ikisha kuiva haihitaji kinga tena, anaweza kuibandika ukutani. Akaitazama kaniki aliyoishona, akairudisha picha humo, akaweka mfuko ndani ya kasha.

Niliporudi Leiden nalifuta kurasa kumi na moja. Niliandika mahali pake kuwa kukinga ni kuweka kitu katika njia ya kitu kijacho. Kama ni kukataa au kupokea, hilo halimo katika kitenzi, limo katika haja ya mtu aliyesimama pale. Kinga cha moto nalikiacha kilipokuwa, na hata leo sina la kukiongezea. Mmoja wa watahini aliuliza chanzo cha maelezo hayo. Nalimjibu: Ngamiani, Tanga, Januari 2013. Akaandika kitu katika karatasi yake, wala hakuuliza tena.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule. Mradi wa Enschede ulijiita Polaroid Originals mwaka 2017, na mwaka 2020 ukabaki na jina la Polaroid peke yake. Kamera waliyoitoa mwaka 2017 ina kinga ndani yake, ulimi mweusi utokao na kurudi wenyewe, na filamu ya siku hizi ni stahimilivu zaidi, ingawa bado hushauriwa kufichwa mwanga. Naliinunua moja. Inafanya kazi njema, na mikono yangu haina la kufanya wakati picha inatoka.

Bibi alifariki mwaka 2016. Siku ya kugawa vitu, kasha lilifunguliwa mbele ya watoto wake na wajukuu, na mfuko ukaonekana chini ya nguo, picha ikiwa ndani. Sote twaliitaka. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Sauti zikapanda, mtu mmoja akatoka nje. Nalitaja kuwa mimi ndiye niliyeipiga. Mama mkubwa, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza na ndiye aliyemkumbuka baba yake akivikwa kanzu ile, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa picha, akaiweka kifuani ndani ya kanga yake, akanipa mfuko.

"Wewe chukua hiki," akasema. "Kina mishono yake."